Bomba Alilolisugua Bibi

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho aliamka na kikohozi, kile cha Julai ambacho watoto wa Mbeya wote wanazaliwa nacho, nikakimbilia duka la dawa hapa hapa Iyunga. Binti wa dukani akanipa chupa ya dawa na bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, akanielekeza polepole kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka minne: "Mama, unavuta mililita sita. Sita tu, eeh? Asubuhi na jioni, usizidishe."

Mililita sita! Nilicheka pale kaunta mpaka yule binti akarudi nyuma hatua moja, akidhani mgonjwa ni mimi. Angejua! Kabla hajazaliwa, kabla hata mama yake hajafikiria kumzaa, mimi nilikuwa bingwa wa mililita sita wa nyanda zote za juu kusini. Nilikuwa naweza kuvuta sita nimefumba macho, nikiwa na mafua, jogoo ananidonoa kisigino. Sasa kaa vizuri nikusimulie, mwenzangu, kwa sababu watu wa siku hizi ukiwaambia picha ilikuwa inapikwa nyumbani kama maharage, wanakutazama tu.

Baba yangu siku za kazi alikuwa mtu wa reli. Jumamosi na Jumapili alikuwa mpiga picha. Harusi, kipaimara, mtoto aliyeota jino, ng'ombe aliyezaa mapacha, wote walipita mbele ya kamera yake. Na kwa kuwa hakupenda mikanda yake iguswe na mtu mwingine, aliisafisha mwenyewe, kwenye stoo yetu ya mahindi. Stoo hiyo haikuwa na dirisha, na penye nyufa za mlango tulishindilia magunia na blanketi moja kuukuu, mpaka ndani kukawa na giza ambalo ungeweza kulikata vipande ukawagawia majirani. Ilinuka mahindi makavu, mafuta ya taa, na ile dawa kali ya mwisho yenye harufu ya siki. Mpaka leo nikifungua chupa ya siki kwa ajili ya kachumbari, namwona baba.

Lakini dawa yenyewe, ile ya kwanza, inayoitoa picha mafichoni, hiyo ilikuwa kitu kingine. Ilikuja kwenye kichupa kidogo kuliko cha dawa ya kikohozi, nzito, nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni siku mbili. Ilitoka Dar es Salaam mikononi mwa dereva wa lori, na ikichelewa, Iyunga nzima ilikaa bila sura. Mkanda mmoja ulitaka mililita sita za dawa hiyo kwenye maji ya chupa moja ya soda. Ikipungua, picha inatoka hafifu kama moshi. Ikizidi, inaungua, na mkanda haurudiwi. Baba alikuwa na msemo wake, aliurudia mpaka kuku wetu wakaujua: "Sita siyo tano, na sita siyo saba."

Kipimo chetu kilikuwa bomba la sindano la mililita kumi, alilotupatia nesi wa zahanati baada ya kupigwa picha ya harusi yake. Na mpimaji nilikuwa mimi. Usidhani ni upendeleo! Vidole vya baba vilikuwa vya reli, vinene, vimezoea spana. Akilivuta bomba kidogo linaruka mpaka nane. Mimi nilikuwa na miaka tisa na vidole kama njiti za kiberiti. Nilipachika bomba kwenye kichupa, nikavuta taratibu, nikaligeuza juu, nikaligonga kwa kucha ili povu lipande, nikarudisha mpaka ukingo wa mpira ukalala sawasawa juu ya mstari wa sita. Nilikuwa sipumui. Nadhani kati ya darasa la tatu na la tano sikupumua kabisa siku za Jumamosi.

Halafu maji. Unajua baridi ya Iyunga ya mwezi wa saba? Mtu akitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Kwa hiyo maji ya dawa yalipashwa jikoni kwa mama, pembeni ya sufuria ya viazi, na mama ndiye aliyeyapima joto kwa kiwiko kama anavyopima ya kumwogesha mtoto. "Bado," anasema. "Bado. Haya, yachukue." Hakuwahi kukosea. Nje malori ya Zambia yananguruma barabarani, treni inapiga honi, na sisi watatu tunazunguka chupa ya soda kama madaktari wa Muhimbili.

Sasa kulikuwa na mkanda mmoja ambao baba alikuwa haugusi.

Krismasi ya mwaka uliotangulia tulikwenda Iringa, kijijini kwa babu na bibi, na baba akampiga babu picha. Hiyo ilikuwa habari kubwa, maana babu hakuwa mtu wa picha. Picha pekee aliyowahi kuwa nayo ilikuwa kwenye kitambulisho alichopewa alipokuwa akipanda miti ya karatasi huko Mgololo, na panya walikula kitambulisho hicho sehemu ya uso tu, jina wakaliacha. Siku hiyo ya Krismasi babu alikuwa amekaa mlangoni kwa jikoni, kofia yake imeshuka hadi kwenye nyusi. Kofia hiyo alilala nayo. Kuna waliosema alizaliwa nayo. Baba akainua kamera, bibi akapaza sauti kutoka ndani: "Vua kofia, wewe! Unataka kutoka kama mwizi wa mbuzi?" Babu akavua kofia, akageuka kumwangalia bibi, akacheka, na hapo hapo kamera ikalia *kacha*.

Mara moja tu. Zamani hizo mtu hakupiga mara mbili, na hakutoa mkanda mpaka uishe. Mkanda ukaja kuisha mwezi wa nne, kwenye ubatizo wa jirani. Mwezi wa tano babu akafariki, ghafla, akiwa shambani.

Baba alikwenda kuzika akarudi. Mkanda ule akauweka kwenye kikopo chake juu ya kabati, na kila Jumamosi akawa anasafisha mingine. Mama alimuuliza mara moja tu, naye akajibu, "Kama hakutokea je?" Mama hakuuliza tena. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa: kikopo kikiwa kimefungwa, babu yumo. Kikifunguliwa, huenda hayumo.

Mwezi wa saba bibi akaja mwenyewe. Alishuka basi la Iringa na kikapu kichwani, ndani yake unga wa ulezi, kuku mmoja aliyechoka na safari, na mafungu ya milulu, yale majani marefu magumu wanayosukia vikapu kwao. Bibi alikuwa msukaji. Hakuweza kukaa na mikono mitupu hata kanisani, nina hakika mchungaji aliomba huku akimtazama yeye tu. Mlangoni akanisalimia, "Kamwene, mke mwenzangu!" kwa sababu babu alikuwa akiniita mchumba wake, na utani huo bibi hakuuzika pamoja naye.

"Nimemfuata mume wetu," akasema, kabla hata hajakaa. "Jumatano ijayo tunaweka msalaba kaburini. Watu watakuja, mezani nitaweka nini? Kofia?"

Baba akakohoa. Akaeleza kwamba dawa imebaki kidogo mno, labda ya mkanda mmoja, na nyingine haijulikani lini itafika.

"Kwani una mume wangu kwenye mikanda mingapi?" bibi akauliza.

Ikakubaliwa Jumamosi, asubuhi.

Zilibaki siku tatu, na bibi hakuja Mbeya kukaa. Alisugua. Mwenzangu, hujawahi kuona mtu anayesugua vyombo mpaka umwone bibi yangu wa Kihehe na majivu yake na mchanga laini na kipande cha dodoki! Sufuria za mama ambazo zilikuwa nyeusi tangu harusi zilitoka zinang'aa, kunguru wakawa wanashuka kujitazama. Alisugua bakuli, alisugua beseni, alisugua mguu wa meza. Jirani yetu, mama mmoja wa Kinyakyusa aliyeuza ndizi, alikuja kuazima kikaango akarudi mikono mitupu. Alisema anaogopa naye atasuguliwa. Mama alicheka siku hizo tatu kuliko miezi mitatu ya nyuma. Jioni tulikula viazi na maharage yaliyoungwa kwa maziwa mgando, bibi anasuka, moto unalia, na hakuna aliyetaja Jumamosi.

Jumamosi ikafika na ukungu wake. Baba akaingia stoo, akafunga, mimi nikakaa nje ya mlango kama kawaida kuzuia watu, kuku na malaika wasiingie, wakati yeye gizani anauviringisha mkanda kwenye gurudumu lake na kuuweka kwenye kopo jeusi la kusafishia. Kopo likishafunikwa, mwanga hauingii tena, kazi iliyobaki inafanyika jikoni. Akatoka nalo, jasho limemjaa usoni na baridi ile! Mama akasema maji tayari. Baba akaniambia, "Haya, fundi. Sita."

Nikalichukua bomba kwenye kikombe chake dirishani. Nikaligeuza. Nikaligeuza tena. Nikalipeleka kwenye mwanga.

Lilikuwa safi. Safi kama kioo cha kanisa! Hakuna tano, hakuna sita, hakuna saba.

"Baba," nikasema, "mistari imekwenda wapi?"

Baba akalichukua, akalitazama muda mrefu. "Mama," akamwita bibi, kwa sauti ya chini ya mtu anayembembeleza ng'ombe mkali, "hili bomba nani kalisugua?"

"Mimi," bibi akajibu kwa furaha. "Lilikuwa na uchafu! Michirizi michirizi imeshikana na plastiki, inakataa kabisa. Nikasema leo utanitambua. Nimeshinda nalo na mchanga jana kutwa, mpaka ikatoka yote." Kisha akaona nyuso zetu. "Vipi? Ilikuwa ya nini?"

Maji yalikuwa yanapoa kwenye chupa ya soda. Mama ndiye aliyemweleza, polepole, kwamba michirizi ile ndiyo kipimo, na kwamba kwenye kichupa kuna dawa ya mara moja, na kwamba mkanda ulishaingia kwenye kopo. Bibi akaweka chini kikapu alichokuwa anasuka. Akajifuta mikono kwenye khanga, mara mbili, ingawa ilikuwa mikavu. Sijawahi kumwona bibi mdogo vile.

"Yaani nimemsugua na yeye," akasema.

Baba akasema labda tukadirie. Lakini alisema huku haliinui bomba. Mimi nikalinyakua tena nikawa nalizungusha, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa na niliamini kitu ukikitazama sana kinaona haya kinarudi. Na nikakiona! Juu kabisa, karibu na masikio ya bomba, palikuwa na mstari mmoja mweusi.

"Kumi ipo!" nikapiga kelele, mpaka nadhani treni ilisimama. Pale bibi alipopashikilia kwa kidole gumba wakati anasugua, mchanga haukufika.

Bibi akainuka. "Nionyesheni. Mpira ukiwa umesukumwa mpaka mwisho, hiyo ni ngapi?"

"Hiyo ni sifuri, mama," baba akasema.

"Na huu hapa ni kumi. Katikati ya hapa na hapa mnataka sita." Midomo ikawa inatembea, anahesabu. "Sasa mbona mnanitisha? Kikapu changu nikitaka kukiweka maua matano kukizunguka, huwa naazima rula kwa nani?"

Akachomoa unyasi mmoja wa milulu, akaulaza kwenye bomba, akaukata kwa meno: urefu wa kutoka sifuri mpaka kumi, basi. Halafu akaanza kuukunja, huku na huku, kama nyoka, mikunjo mitano. Kipande cha mwisho kikazidi. Akaunyoosha, akaanza upya. Kikapungua. Baba akafungua mdomo, bibi akasema bila kuinua macho, "Nyamaza, mwanangu. Nilianza kusuka hujaota meno." Mara ya tatu vipande vitano vilikaa pamoja kama askari wa gwaride. Akavibana kwa ukucha mpaka mikunjo ikaacha alama, akaunyoosha tena kwenye bomba, akahesabu: mbili, nne, sita. Hapo akaweka ukucha wake. "Funga uzi hapa, mke mwenzangu." Nikalifunga bomba uzi mwekundu.

Miaka mingi baadaye, mtu mzima na watoto wawili, nikisoma masomo ya jioni na wenzangu wanasinzia nyuma, mwalimu wa hesabu aliuliza tatu ya tano ya kumi ni ngapi. Nilijibu kabla chaki haijatoka ubaoni. Akaniuliza nimefanyaje haraka hivyo. Nikamwambia, mwalimu, mimi hiyo nimeifunga uzi mwekundu. Alinitazama kama yule binti wa duka la dawa.

Mama akayarudisha maji motoni, kiwiko kikazama, haya, yachukue. Nikainamisha kichupa, nikavuta. Dawa ikapanda, nzito, inajikokota. Karibu na uzi bomba likaanza kuvuta hewa, likalia kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija. Nikakiinamisha zaidi. Ikapanda kidogo. Nikaligonga kwa kucha, povu likapanda, nikarudisha kwa uangalifu, na ukingo wa mpira ukalala juu ya uzi. Chini ya kichupa palibaki doa dogo, lisilotosha kulewesha sisimizi.

"Ni sita?" baba akaniuliza. Mimi! Akamwuliza mtoto.

"Siyo tano na siyo saba," nikamwambia.

Tukamimina. Baba akawa anageuza kopo juu chini, anatulia, anageuza, macho kwenye saa yake. Bibi alirudi kwenye kiti chake akashika kikapu, ila safari hii hakusuka. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko reli nzima mpaka Kapiri Mposhi. Ikaja dawa ya siki, ikaja maji ya kusuuza, beseni kwa beseni, na mwisho baba akafungua kopo, akauvuta mkanda, ukatoka unachuruzika na kung'aa kama kamongo. Akaupeleka dirishani akaanza kuupitisha vidoleni. Ubatizo wa jirani. Ng'ombe. Harusi ya watu wa Mbalizi. Akafika karibu na mwanzo, akasimama.

Akainua mkono mwingine akampungia bibi aje.

Picha ilikuwa hafifu kuliko baba alivyopenda, lakini ilikuwepo. Sasa wewe unajua mkanda ukisafishwa unavyokuwa, kila kitu kimegeuka: cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe. Bibi hakuwa anajua, na sisi kwa haraka zetu hatukumwambia. Akausogeza uso mpaka pua ikagusa mkanda, akafunga jicho moja.

"Mbona amekuwa mzungu?" akasema. Kisha, "Na meno kayachafulia wapi huyu?"

Mama akaanza kucheka, baba akaanza kueleza mambo ya mwanga, lakini bibi alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa anatazama kichwa. Babu alikuwa na mvi tupu, pamba, kwa miaka yote niliyomjua mimi. Pale dirishani, bila kofia yake, amegeuka anacheka, nywele zake zilikuwa nyeusi tii.

"Nywele zake zimerudi," bibi akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa alipokuja nyumbani kwetu kunioa. Hivi hivi. Hata kugeuka kwake."

Nje lori lilipita, vikombe vikagongana rafuni. Tulisimama pale mpaka mkanda ukaacha kudondosha maji.

Siku ya pili yake baba alichapa picha kwa dawa ya karatasi, ambayo ilikuwa ya unga na ilikuwepo ya kutosha, na babu akatoka sawasawa: mweusi, mwenye mvi, meno meupe. Ndiyo iliyowekwa mezani Jumatano ile. Watu wa kijijini waliisifu, wakasema ni yeye kabisa. Bibi alishukuru. Lakini kabla ya kupanda basi la kurudi Iringa alikuwa amemwambia baba amkatie na kile kipande cha mkanda, na baba, ambaye hakuwahi kukata mkanda wake kwa ajili ya mtu yeyote, akachukua mkasi wa mama.

Stoo yetu siku hizi ni chumba cha mpangaji, kina vigae na dirisha la alumini, na sijui kama anaisikia harufu. Duka la vifaa vya picha kule mjini linauza vioo vya simu. Kile kichupa, lile bomba lenye uzi mwekundu, vilikwenda jalalani siku ambayo hakuna mtu anayeikumbuka, na hilo ndilo linaloniuma kidogo, kwamba hata mimi sikuiona siku hiyo ikipita. Baba amestaafu. Simu yake ina picha elfu nne, na elfu tatu kati ya hizo ni za kidole chake. Haulizi tena kama mtu atatokea, maana kila mtu anatokea, papo hapo, na kesho yake tumemsahau. Bibi tulimzika miaka sita iliyopita pembeni ya babu. Shangazi zangu waligawana vitenge na sufuria, ambazo bado zinang'aa. Mimi niliomba kikapu chake kidogo chenye mfuniko, ambamo aliweka kitabu cha nyimbo.

Basi siku ile ya dawa ya kikohozi nilivuta sita bila kutazama mistari, kisha nikavaa miwani kuhakikisha. Ilikuwa sita. Haki ya Mungu, sita! Mtoto akanywa, akakunja uso, akalala. Nikashusha kikapu kabatini, nikatoa kipande cha mkanda katikati ya kitabu cha nyimbo, nikakiinua dirishani. Yumo. Hana kofia, anacheka, anamtazama mtu aliye ndani jikoni.

Binti yangu mkubwa akaja akasimama begani kwangu. "Mama, nani huyu? Lete nimpige na simu, kuna app inamgeuza sasa hivi, anakuwa wa kawaida."

Nikamwambia amwache. Wa kawaida yuko ukutani Iringa, kila mtu anamjua. Huyu ni wa bibi.